Saa 320 za mapokezi: kisa cha krediti za mafunzo kwa vitendo katika masomo ya jinsia

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya masomo ya jinsia, aliyefanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria kwa wanawake mjini Tanga, na ambaye nusura akose krediti za mafunzo hayo ingawa hakukosa kazini hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake wa upande wa chuo, na sehemu ya kosa lililotokea ni yangu. Ninakieleza kwa idhini yake. Jina lake, la chuo na la ofisi siyataji, na habari za wateja nimezieleza kwa namna ambayo hakuna atakayetambulika.

Chuo kinayapa mafunzo hayo krediti 12, yaani vipimo vya kujifunza vinavyohesabiwa kuelekea shahada. Alama hutoka sehemu tatu: tathmini ya msimamizi wa ofisi anakopelekwa mwanafunzi, logibuku anayoijaza kila siku, na ripoti ya mwisho. Kamati ya idara hukaa baada ya wanafunzi kurejea, huzipitia nyaraka hizo, na ikiridhika ndipo krediti zinapoingizwa kwenye matokeo ya mwaka.

Logibuku ya mwanafunzi huyu ilipofika mbele ya kamati ilikuwa na kurasa 40, moja kwa kila siku ya kazi. Katika sehemu kubwa ya kurasa hizo maneno yalikuwa yale yale: “Nimekaa mapokezi. Nimejaza fomu za wateja. Nimetoa nakala.” Siku nyingine aliongeza kwamba alimshika mtoto wa mteja wakati mama yake akizungumza na wakili, na mara mbili aliandika kwamba alitafsiri Kisambaa. Safu ya kulia, yenye kichwa cha “Nilichojifunza”, ilikuwa tupu kuanzia wiki ya pili hadi mwisho. Katika wiki ya kwanza ilikuwa na neno moja tu, “uvumilivu”, limeandikwa mara tatu.

Wajumbe wawili walipendekeza arudie mafunzo likizo inayofuata. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Walisema kwamba mwanafunzi alipelekwa kujifunza jinsi sheria inavyowafikia wanawake, na kwamba nyaraka alizoleta zinaonyesha kazi ya karani ambayo mtu yeyote mwenye kidato cha nne angeifanya bila kusoma nadharia yoyote ya jinsia. Tathmini ya msimamizi wa ofisi haikusaidia, kwa kuwa ilisema tu kwamba ni binti mwenye nidhamu, mwaminifu na mwenye kuwahi, yaani sifa ambazo aghalabu hutumika kumsifia mtu ambaye kazi yake haikutazamwa. Kurudia kungemgharimu wiki nane nyingine za chumba na nauli, na yeye hakuwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, hivyo hata ile fedha ambayo wenzake hukopeshwa kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo hakuwa nayo. Niliomba kamati inipe wiki moja nizungumze naye.

Alikuja ofisini kwangu na logibuku ileile, akaigeuza nyuma mbele na kuifungua kutoka upande wa jalada la mwisho. Huko kulikuwa na kurasa zilizoandikwa kwa penseli, zimegawanywa kwa rula katika safu tatu: walioingia, walioonana na wakili, walioondoka. Chini ya kila safu kulikuwa na vijiti vilivyofungwa vitano vitano, kama vile watu wanavyohesabu viroba vinavyoshushwa kwenye lori. Kwenye ile safu ya walioondoka, pembeni ya vijiti, palikuwa na maneno mafupi: jina la mama, anakotoka, na sababu. Maramba, basi la mwisho. Pongwe, mtoto ana homa. Muheza, hana cheti. Pangani, hana cheti. Amani, hana cheti.

Nilimuuliza kwa nini hayo hakuyaandika upande wa mbele. Alinijibu, “Mwalimu, sikujua kama hiyo ni kazi. Nilikuwa najihesabia tu, kwa sababu ilikuwa inaniuma.”

Maelezo aliyonipa kuhusu lile neno “hana cheti” ndiyo kiini cha kisa chote, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu.

Fomu ya mapokezi ya ofisi ile ilikuwa ya ukurasa mmoja. Baada ya jina, umri na makazi, mstari wa nne uliuliza namba ya cheti cha ndoa. Mwanafunzi alielekezwa siku ya kwanza kuijaza fomu kwa mpangilio wake, naye akafanya hivyo. Kufikia wiki ya pili alikuwa ameshaona kwamba wapo wanawake ambao, wakifikishwa kwenye mstari ule, hunyamaza kidogo, hutengeneza kanga begani, kisha husema, “Basi mwanangu, nitarudi nacho.” Hawakurudi. Hakuna mtu ofisini aliyelijua hilo, kwa sababu fomu zilizohesabiwa ni zile zilizokamilika tu, na fomu ya mtu aliyeondoka mstari wa nne iliishia kwenye kapu la karatasi.

Siku moja katika wiki ya tatu aliingia bibi mmoja kutoka milimani ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizito, na kwa kuwa mwanafunzi huyu ni mzaliwa wa Lushoto, wakili alimwita chumbani atafsiri. Bibi alieleza kwamba ameishi na mzee wake miaka zaidi ya 20, wamelima pamoja, wamejenga pamoja, na sasa watoto wa mke mwingine wanamwambia yeye si mke kwa kuwa hana karatasi. Wakili alimjibu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kuwa ni mume na mke, sheria huwachukulia kuwa wana ndoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo ukosefu wa cheti haumzuii mtu kudai haki zake. Mwanafunzi alilitafsiri jibu hilo kwa Kisambaa, na alipokuwa analitamka kwa kinywa chake mwenyewe, aliniambia, ndipo alipoelewa kwamba wale wote aliokuwa akiwauliza namba ya cheti pale mezani walikuwa wanageuzwa na swali ambalo sheria yenyewe haiwaulizi mlangoni.

Kuanzia siku ile alianza kuhesabu. Akaacha pia kufuata mpangilio wa fomu, akawa anauliza kwanza lililomleta mtu, na cheti mwisho. Hakumwambia mtu yeyote, kwa kuwa yeye ni mwanafunzi wa fildi, na msimamizi wa ofisi ndiye aliyeshika kalamu ya alama zake.

Hapa ndipo kamati ilipopaswa kuangalia, na haikuweza kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha mwanafunzi kwamba jambo hilo lina mahali katika logibuku. Alichokigundua hakipatikani kwenye mhadhara. Darasani tunafundisha kwamba mwanamke huzuiwa kuifikia haki na umaskini, umbali na mila, na yote hayo ni kweli. Yeye alikiona kizuizi chenye upana wa mstari mmoja wa karatasi, kilichowekwa bila nia mbaya na ofisi iliyoanzishwa mahsusi kuwasaidia wanawake hao hao. Alikijua kwa sababu alikaa mapokezi, mahali ambapo wakili hakai, na alikaa hapo siku 40.

Sasa nije kwenye krediti zenyewe, kwa sababu hasira yangu ya kwanza ilikuwa kudai apewe krediti kwa kuwa amefanya kazi, na hoja hiyo nilipoiangalia tena niliona ina kasoro.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikijumuisha mihadhara, semina, kusoma, kazi za nyumbani na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Krediti 12 kwa hiyo ni saa 120. Mwanafunzi wetu alikaa ofisini saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nane, ambazo ni saa 320. Zimebaki saa 200 ambazo chuo hakizitambui kuwa ni kujifunza na ofisi haizilipi kama kazi. Nchi nyingine hupima kwa vipimo vingine: Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na Marekani krediti moja ya muhula wa wiki 15 hukadiriwa kwa saa moja ya darasa na saa mbili za nje ya darasa kila wiki, yaani takriban saa 45. Kipimo chochote utakachotumia, jambo moja halibadiliki: krediti inapima kiasi cha kujifunza kilichothibitishwa, wala haikuundwa kuwa ujira. Mtu anaweza kufanya kazi saa 320 na asistahili krediti hata moja, kama ambavyo anaweza kukaa katika mihadhara yote ya mwaka na akafeli.

Marekani, ambako programu inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya masomo ya wanawake ilianzishwa San Diego mwaka 1970, suala la saa zisizo na jina lilifika mahakamani. Katika shauri la Glatt, aliyefanya mafunzo bila malipo, dhidi ya kampuni ya filamu ya Fox Searchlight, lililoamuliwa na mahakama ya rufani mjini New York mwaka 2015, swali la msingi lilikuwa ni nani anayefaidika zaidi na mafunzo yasiyolipwa, mwanafunzi au mwajiri. Mahakama iliorodhesha mambo saba ya kuangalia, miongoni mwake kama mafunzo yameunganishwa na masomo rasmi, na kama kazi ya mwanafunzi inajazia kazi ya waajiriwa au inachukua nafasi yao. Wizara ya Kazi ya huko ikaufuata mtazamo huo mwaka 2018. Shauri lile lilihusu kampuni ya biashara, si ofisi ndogo inayoishi kwa ufadhili wa mwaka mmoja mmoja, wala sheria yetu haifungwi nalo. Hata hivyo nilijiuliza swali hilohilo kuhusu Tanga, na jibu halikunifurahisha. Ofisi ile haikuwa na karani wa mapokezi. Kila mwaka kiti kile hukaliwa na wanafunzi wa vyuo mbalimbali, mmoja akitoka mwingine akiingia, na bila wao mlango usingefunguliwa saa mbili asubuhi.

Sisi wa fani hii, kuliko watu wote, hatukupaswa kupitiwa na jambo kama hilo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazozifanya mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hukumu hiyo huwa naifundisha kila mwaka. Huwa natilia mkazo pia jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Mahakama iliukubali msingi wa hoja yake, kisha ikaona kwamba mchango wake umefutika kwa namna alivyotumia fedha alizopewa na mumewe kuanzishia biashara. Msingi ulisimama, na aliyeupigania akatoka mikono mitupu. Nilipokuwa nasoma maneno “Nimeshika mtoto wa mteja” kwenye logibuku, na jinsi mjumbe mmoja alivyoyapitia haraka akitafuta kitu cha maana chini yake, niliiona hatari ileile: kuwafundisha wanafunzi kwamba kazi ya malezi ni kazi, halafu kuwanyima alama kwa kuwa waliifanya.

Ila tuseme kweli, kumshika mtoto hakumfundishi mtu kwa kumshika tu. Kunamfundisha akijiuliza kwa nini katika ofisi ya wanawake hakuna mahali pa watoto, nani humshika siku ambayo hakuna mwanafunzi, na ushahidi gani hausemwi kwa sababu mama anasikiliza kilio upande wa pili wa ukuta. Kazi ya msimamizi wa chuo ni kuyazaa maswali hayo kwa mwanafunzi mapema. Mimi nilimtembelea wiki ya sita. Nilikaa naye dakika zisizofika 30, nikatia sahihi kurasa zilizokuwa zimejazwa bila kuuliza kwa nini safu ya kulia ni tupu, nikapiga picha ya pamoja na msimamizi wa ofisi, nikaondoka kuwahi Korogwe kwa mwanafunzi mwingine. Barua ya utambulisho niliyoiandika kabla ya hapo iliomba apewe “mafunzo yoyote yanayohusiana na fani yake.” Ofisi iliyopokea barua ya namna hiyo haikukosea sana kumpa kiti kilichokuwa wazi.

Lilikuwapo tatizo jingine, na hilo lilinilaza macho kuliko la krediti. Kurasa za nyuma zilikuwa na majina. Mwanamke aliyekuja kwa siri, pengine akimwambia mumewe kwamba anakwenda sokoni Mgandini, alikuwa ameandikwa jina na kijiji katika daftari lililokuwa likibebwa kwenye mkoba ndani ya daladala na kulala kwenye chumba cha kupanga. Mwanafunzi alifanya hivyo kwa uchungu na kwa nia njema, lakini nia njema haimlindi mteja daftari likipotea. Nilimwambia hivyo waziwazi, naye alilia. Tulikubaliana kwamba idadi na sababu zitabaki na majina na vijiji havitatoka pale. Alinakili safu zake upya mbele yangu, kisha kurasa za asili zikarudishwa Tanga kwa mkono na kuwekwa kwenye kabati la mafaili lenye kufuli, kwa kuwa habari zile ni mali ya wateja na ofisi iliyoaminiwa nao.

Kamati ilipokaa tena nilipendekeza asirudie mafunzo wala asipewe krediti kwa nyaraka zilizokuwapo, bali matokeo yaandikwe kuwa hayajakamilika na apewe wiki tatu kuandika ripoti mpya. Mjumbe aliyepinga tangu mwanzo aliuliza swali zuri: tutajuaje kama amejifunza huko, au anajifunza sasa kwa kuongozwa nawe? Nilijibu kwamba vijiti vya penseli vina tarehe, na vinaanza siku ileile ambayo upande wa mbele umeandikwa “Nimetafsiri Kisambaa” kwa mara ya kwanza. Mjumbe aliomba logibuku, akalinganisha tarehe hizo yeye mwenyewe, akakubali.

Ripoti aliyoileta ilikuwa na kurasa 18. Ilieleza fomu ya mapokezi mstari kwa mstari, ikaonyesha kila swali linamtarajia mwanamke wa aina gani, na ikakiweka kifungu cha 160 karibu na hesabu ya walioondoka. Iliugusa pia utaratibu wa kifungu cha 101, unaotaka mgogoro wa ndoa upitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, na kueleza kwamba baadhi ya walioambiwa warudi na barua ya baraza walikuwa wanarudishwa mbele ya wazee wanaofahamiana na waume zao. Sehemu hiyo ilikuwa fupi na haikuwa na ushahidi wa kutosha, nami nilimpunguzia alama. Sehemu ya fomu ilikuwa bora kuliko tasnifu kadhaa nilizowahi kuzisoma. Alipata B+, na krediti 12 zikaingia.

Tangu hapo idara imebadilisha mambo matatu. Barua ya utambulisho sasa inataja kazi ambazo mwanafunzi ataombwa azione, na inasema wazi kwamba kama atakaa mapokezi, basi mapokezi yawe ndilo jambo analolichunguza. Msimamizi humtembelea wiki ya pili. Na kabla ya kuondoka kila mwanafunzi hufundishwa namna ya kuandika alichokiona bila kumtaja aliyemwona. Suala la zile saa 200 halijapata ufumbuzi. Nimeomba idara itafute nauli kwa wasio na mkopo, hata ya wiki nne tu, na nitaendelea kuomba, kwa sababu sioni haki ya kumtoza mtu ada ya chuo ili akajitolee kwa fedha ya mzazi wake. Mafunzo ya fani hii hayajawahi kungoja krediti. TGNP (Mtandao wa Jinsia Tanzania) imeendesha semina zake za Jumatano pale Mabibo, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na watu huja kujifunza bila kupewa hata karatasi ya mahudhurio yenye thamani chuoni. Lakini anayekwenda Mabibo kwa hiari hajalipishwa ada kwa ajili hiyo.

Mwaka uliofuata nilikwenda Tanga wiki ya pili, kumtembelea mwanafunzi mwingine katika kiti kilekile. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mbele yake na mtoto mgongoni. Fomu ilikuwa imechapwa upya, sasa ni ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina, ulikuwa na nafasi kubwa tupu yenye maneno “Limekuleta jambo gani?” Cheti cha ndoa nilikiona baadaye, upande wa pili, karibu na mahali pa sahihi, na mbele yake wameongeza maneno mawili: “Kama kipo.”